Watu wa Jiwe la Korongo

Wananicheka nikisema nimestaafu. Kustaafu gani, wanasema, na hata mvi moja huna? Lakini kazi ya bomba la Kasulo niliianza nikiwa na wino wa mtihani wa kidato cha nne vidoleni, na leo nimerudisha spana yangu kwenye stoo ya Nyamiaga. Wiki ijayo naenda chuo cha maji. Kwa hiyo nimestaafu. Anayebisha abishe.

Kamati ya maji imeniomba niwaandikie vijana mnaopokea kazi. Nilitaka kuandika mambo ya soketi na valvu tu, nimalize, nikafunge mizigo. Lakini kila kijana mpya anayepanda kwenye tangi anauliza swali lile lile: "Dada Konso, yule ndege aliyechorwa kwenye saruji ni wa nini? Na mbona ameshika jiwe mguuni?" Nikijibu kwamba ni ndege wa ukoo wa Darukevi, mnaitikia "aaa" kama watu walioelewa. Hamjaelewa. Basi kaeni niwaeleze yote mara moja.

Mimi kwetu ni Nyamahanga, Biharamulo. Nilikuja Ngara juu ya lori la mabomba, nimekaa kwenye chuma, na kila shimo la barabara ile nalikumbuka mpaka leo. Nilikuwa nimeajiriwa kama karani wa stoo na mkalimani, maana fundi mkuu alikuwa mzungu na wanakijiji wengi, hasa wazee, walipendelea Kihangaza. Mimi nasema Kisubi, na Kisubi na Kihangaza ni kama mtu na binamu yake, wanagombana lakini wanaelewana.

Fundi nilimkuta amelala chali chini ya bomba, ndevu zimejaa rangi nyekundu.

"Shikamoo," nikasema.

"Hapana," akajibu.

"Hapana tena? Unasema marahaba."

"Marahaba," akasema, akatoka chini ya bomba. "Unajua nini, binti?"

"Najua aljebra. Najua siasa. Najua kemia kidogo."

"Vizuri sana. Shika hapa."

Nikashika bomba mpaka jua likazama. Huo ndio ulikuwa usaili.

Alinifundisha kukata nyuzi za bomba na kufunga kiungo. Hili liandikeni mkononi: katani ya kuziba maji inafuata mzunguko wa nyuzi, haiendi kinyume. Ukiizungusha kinyume, ukikaza soketi katani yote inajikusanya nje kama ndevu za beberu, na maji yatakudharau. Rangi unapaka kidogo, si kama unapaka nyumba. Halafu unakaza mpaka mwisho, na hurudishi nyuma hata kidogo ili soketi "ikae vizuri." Haikai vizuri. Inavuja. Nilivujisha viungo vingi sana kabla sijaamini.

Sasa jina. Fundi aliitwa Darukövy Mátyás. Kwao Hungaria jina la ukoo linatangulia, la ubatizo linafuata nyuma kama ndama. Ile o yenye vitone juu hakuna aliyeiweza, tukamwita Darukevi, au Fundi Matiasi. Siku moja tunasubiri lori la saruji ambalo halikuja, nikamuuliza jina hilo maana yake nini. Akasema ni mtu wa Jiwe la Korongo, korongo yule ndege. Mfalme wa zamani alimpa babu wa babu zake kilima na jina kwa pamoja.

Mimi nilikuwa na siasa kichwani bado ya moto kutoka shuleni. "Kwa hiyo wewe ni kabaila!"

"Babu zangu. Mimi ni fundi bomba."

"Damu ni ile ile. Wanyonyaji."

Hakukasirika. Akasema serikali mpya ya kwao, baada ya vita kubwa ile, ilisema hivyo hivyo. Walimtoa baba yake kwenye nyumba, wakampeleka kuchunga nguruwe kwenye shamba la serikali. Na yeye Matiasi alipoomba chuo, akaambiwa watoto wa jina lile hawapokelewi. Karani mmoja mwenye huruma alimshauri akate mkia wa jina, aandike Daru tu, atapokelewa. Akakataa. Ulipotokea mwaka wa machafuko, akatoroka kwa miguu usiku, akavuka bwawa la matete hadi nchi ya jirani.

"Ulikataa chuo kwa ajili ya jina?" nikamwambia. "Mimi ningekata hata majina mawili."

"Kuna bibi yetu mmoja wa zamani, Borbála. Ungemsikia huyo..."

"Fundi, lori."

Hapakuwa na lori. Nilichoka tu na habari za makabaila. Akaanza tena siku nyingine, nikamkatiza tena. Nilikuwa na haraka, tena si bila sababu.

Kijiji chenyewe kilikuwa cha operesheni ya kuhamishia watu vijijini. Watu walikuwa wametolewa kwenye migomba yao bondeni wakapangwa juu ya mgongo wa kilima kwa mistari mizuri iliyonyooka, karibu na barabara, karibu na shule, mbali na maji. Waliahidiwa bomba. Akina mama walishuka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo jua likiwa kali, na kila siku walituuliza, "Bomba limefika wapi?" Mwenyekiti wa kijiji alituambia wazi kwamba kiangazi kikiwakuta bila maji, watu watarudi kwenye migomba yao, na mabomba yatang'olewa yapelekwe kijiji kingine. Chanzo kilikuwa ng'ambo ya kilima, mahali pa juu zaidi, na kati yake na tangi kulikuwa na tuta la kuvuka. Pa kupitisha bomba, ili maji yapande tuta yenyewe bila mashine, Darukevi ndiye aliyepajua. Alikuwa akipapima na darubini ya miguu mitatu, hatua kwa hatua, na sehemu iliyobaki ilikuwa kichwani mwake peke yake.

Ndipo nduli wa nchi jirani akavuka mpaka kule kaskazini na jeshi lake.

Watu wa Kagera ya juu wakawa wanapita wakielekea Biharamulo na vitanda vichwani. Vijana wakaitwa jeshini. Mgambo wakapewa barabara na vilima, na agizo likawa kila mgeni aulizwe. Nilimwambia Fundi apumzike siku chache. Akasema kiangazi hakipumziki. Akapanda kwenye tuta asubuhi ya wazi kabisa, akasimamisha darubini yake, akainama, akafumba jicho moja, akaielekeza kaskazini.

Sasa jiweke kwenye viatu vya mgambo. Unamwona mzungu juu ya kilima, wakati wa vita, na kitu cha miguu mitatu chenye mdomo.

Walimteremsha mpaka kwenye uwanja wa tangi, mikono imefungwa kamba nyuma, na darubini imebebwa na watu wawili kwa tahadhari kama bomu. Kamanda wao alikuwa Biyonga, mwenyeji wa hapo hapo, mtu mwenye sauti kubwa na haki kubwa. Tangi lilikuwa nusu, akina mama walikuwa kwenye mstari wa kupokezana mchanga, kazi ikasimama.

"Kamanda, shikamoo. Huyu ni Fundi wetu, unamjua!"

"Marahaba. Namjua kumwona. Kumwona si kumjua."

"Ana karatasi. Ana kibali. Nikuletee kutoka stoo?"

"Binti, jasusi asiye na karatasi umeshamwona wapi? Jasusi ndiye mwenye karatasi nyingi. Mimi ndiye nisiye nazo." Mgambo wakacheka. "Anakwenda Ngara mjini, wakubwa wakamtazame. Wakitaka, watamrudisha kwao."

 Akienda Ngara hatarudi kabla ya kiangazi, kama atarudi. Nilitazama tuta. Mtaro ulikuwa umefika katikati ya njia, umekomea hapo mdomo wazi.

Aliyeweka karai la mchanga chini alikuwa Shangazi Sesilia. Huyu ni dada wa baba yake Biyonga, na kwenye mstari wa mchanga yeye ndiye aliyekuwa serikali.

"Biyonga," akasema, "umemfunga mtu. Umemuuliza ni wa nani?"

"Shangazi, hii ni kazi ya ulinzi."

"Ndiyo nakuuliza. Babu yako akilinda kivuko alikuwa anamfunga mgeni kwanza, au anamuuliza kwanza ukoo na mwiko?"

Biyonga akakuna shingo. Huku kwetu mnajua hata leo: mgeni akifika anaulizwa ni mwana wa nani, anahesabu baba zake, anataja mnyama ambaye ukoo wake hawali wala hawaui. Asiyeweza kuhesabu ametumwa au ameiba. Na mkikutana mwiko mmoja, hata kama hamjawahi kuonana, ni ndugu, na ndugu hafungwi kamba.

"Muulize basi," Biyonga akaniambia. "Ukoo gani? Mwiko gani?"

Na mimi, kwa akili zangu zote za kidato cha nne, nikajibu palepale bila hata kumuuliza mwenyewe. "Kamanda, wazungu hawana mwiko! Hayo ni mambo ya zamani."

"Umesikia, Shangazi? Hana mwiko. Mtu asiye na mwiko atakosa kumuuza nani? Twendeni."

"Konsolata," Shangazi akasema polepole, "umeulizwa wewe?"

Nikamgeukia Fundi. Nikamwambia wanataka jina lake lote, kuanzia mwanzo. Akanitazama, na nakwambieni, mtu amefungwa kamba lakini alicheka. "Leo hakuna lori?" akasema.

"Hakuna lori. Sema!"

Akasema. Alisimama wima, akasema kwa Kiswahili chake cha kupindapinda, na mimi nikageuza kwa Kihangaza sentensi baada ya sentensi, na habari nilizozikatiza kwa miezi nikazisikia kwa mara ya kwanza siku hiyo, mbele ya kijiji kizima.

Alianza na wa kwanza, mlinzi wa kivuko cha mto, asiye na jina la maana. Jeshi la mfalme lilikuwa limelala. Huyu alikuwa amewatazama korongo wa kule, jinsi mmoja anavyokesha wenzake wakilala, amesimama kwa mguu mmoja na mwingine umeshika jiwe. Akisinzia, jiwe linaanguka, anaamka. Basi naye akashika jiwe mkononi juu ya mguu wake. Likamwangukia usiku ule, akaamka na kusikia adui ndani ya maji. Mfalme akampa kilima, akampa na ndege awe alama ya ukoo.

"Ndege gani?" Biyonga akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Fundi hakujua jina la Kihangaza. Akaomba kijiti, wakamlegeza mkono mmoja, akachora mchangani. Shingo ndefu, mguu mmoja chini, mwingine umekunjwa na jiwe.

Akina mama wakasogea. Mmoja akasema, "Musambi!" Ndiyo, korongo. Na hapo mgambo wote wakamtazama kamanda wao, maana kila mtu pale alijua kwamba ukoo wa akina Biyonga ni watu wa musambi.

"Huyu hana taji," Biyonga akasema. "Wetu ana taji."

"Wetu hana taji," Fundi akasema. "Ana jiwe."

"Si ajabu," Shangazi akasema. "Mmoja amepewa cheo, mwingine amepewa kazi."

Watu wakacheka, lakini Biyonga bado. "Mnamla?"

"Hapana! Nilimrushia jiwe nikiwa mdogo, baba alinichapa. Wakati wa baridi wanaruka kusini. Baba alisema wanakwenda Afrika."

"Kusalimia ndugu," mama mmoja akadakia.

Akaendelea. Akamtaja yule Borbála, ambaye mumewe alikuwa vitani na Waturuki wakazingira nyumba. Risasi zilipokwisha, akapanda ukutani na wajakazi wake wakawamwagia Waturuki mizinga ya nyuki vichwani. Mpaka leo wimbo upo. Hapo sikuhitaji kuongeza chumvi. Mtu wa Biharamulo anajua nyuki waliokasirika ni nini. Akina mama walipiga vigelegele, mmoja akasema, "Huyo Borobara si mzungu, huyo ni Mhangaza aliyeolewa mbali!"

Nikadhani tumeshinda. Lakini Shangazi akainua mkono. "Mlinzi hodari. Mama hodari. Hata mwongo ana babu hodari. Mwambie anitajie mjinga wao."

Sikutaka kuligeuza hilo. Nilitaka kumwambia aseme hakuna mjinga. Lakini macho ya Shangazi yalikuwa juu yangu, nikageuza neno kwa neno.

Fundi akapumua. "Gáspár," akasema. "Gaspari. Alicheza karata siku tatu. Akapoteza kilima, akapoteza kinu cha kusagia, akapoteza na kitanda cha mkewe. Mkewe alikuwa amelala juu yake."

Kicheko kilichotoka pale nadhani kilifika Nyamiaga. Mgambo mmoja alilazimika kukaa chini. Biyonga mwenyewe alijaribu kuuma midomo akashindwa.

"Sasa ndiyo ukoo," Shangazi akasema, anafuta macho kwa khanga. "Ukoo usio na mjinga umetungwa jana. Endelea, baba."

Akamaliza harakaharaka. Mjukuu wa Gaspari, kwa kuwa hakuna kilima cha kurithi, alisoma maji, akaunyoosha mto mkubwa uliokuwa ukizamisha vijiji. Baba yake Matiasi alichunga nguruwe wa serikali, na nguruwe wake, Fundi akasema, walikuwa wanono kuliko wote wilayani. "Na mimi ni wa mwisho. Sina mtoto. Kwetu jina hili limekatazwa kwenye mlango wa chuo. Likiisha hapa, limeisha."

 Biyonga alimtazama yule ndege mchangani. Halafu akazunguka nyuma ya Fundi, akafungua kamba kwa mikono yake mwenyewe.

"Sikilizeni," akawaambia watu wake. "Huyu kuanzia leo ni wa nyumbani kwetu. Akikimbia nifungwe mimi. Akisaliti nipigwe risasi mimi." Akamgeukia Fundi. "Na hicho kitu cha miguu mitatu, nataka nitazame ndani."

Akatazama. Akaona kijiji juu chini, maana darubini ile ilikuwa inageuza. "Kumbe ndivyo mnavyotuona!" akasema. Hilo pia lilichekwa wiki nzima.

Kesho yake mgambo walikuja na majembe. Walilinda na kuchimba kwa pamoja. Kamanda alisema mtaro ni handaki pia, adui akija tunaingia, asipokuja yanaingia maji. Tulifika kwenye tuta, tukalivuka pale pale Fundi alipopima, tukateremka upande wa pili. Katikati ya kazi hiyo Biyonga aliitwa mstari wa mbele. Kabla ya kupanda lori alimkabidhi dhamana Shangazi. "Akikimbia," akamwambia, "afungwe nani?" "Mimi," Shangazi akasema, "na nitampata kabla yako."

Siku ya kufungulia chanzo, kijiji kizima kilisimama kwenye tangi. Fundi alifungua valvu kule juu kwenye chanzo, akarudi kwenye tangi. Tukangoja. Bomba likakohoa. Halikutoa kitu. Mwenyekiti akaangalia saa yake, na mzee mmoja akaanza kusema kwamba migomba yake kule bondeni bado iko hai.

Fundi akanitazama. "Konsolata. Wapi?"

Hakuniambia, aliniuliza. "Kwenye tuta," nikasema. "Hewa imebana."

"Nenda."

Nikakimbia na spana. Vijana, hili ndilo somo moja nililowaandikia kweli: sehemu ya juu kabisa ya bomba ndipo hewa inapojificha, na maji hayawezi kuisukuma. Usipige bomba nyundo, usimlaumu fundi, usiite mkutano. Panda juu uilegeze. Nikalegeza koki ya tuta, hewa ikatoka kwa mluzi mrefu, nikasubiri mpaka nikamwagiwa maji usoni, nikakaza. Halafu nikasikia kelele kutoka kijijini, na sikuhitaji kuuliza ni za nini.

Niliporudi mbio maji yalikuwa yanaanguka ndani ya tangi kama ng'ombe wanaolishwa chumvi, kwa fujo. Watoto walikuwa uchi tayari. Shangazi Sesilia alikuwa amepanda ukingo wa tangi, amelowa, anahesabu ukoo kwa sauti kama unavyohesabiwa kwenye harusi:

"Mlinzi wa kivuko, aliyeangukiwa na jiwe! Akamzaa baba wa mume wa Borobara, mama wa nyuki! Wakamzaa Gaspari, mjinga wa kitanda!" Umati ukaitikia, "Kitanda!" "Gaspari akamzaa baba wa mnyoosha mto! Mto ukamzaa mchunga nguruwe wanono! Mchunga nguruwe akamzaa Matiasi, aliyepandisha maji Kasulo!"

Fundi alikuwa amesimama na ndevu zinachuruzika. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Ameupanga vibaya kidogo."

"Utamsahihisha wewe?"

"Hapana."

Halafu Shangazi akaninyooshea kidole mimi, nimelowa, nina spana. Akapaza sauti kuliko mwanzo. "Na Matiasi akamzaa Konsolata, kwa spana!"

"Kwa spana!" kijiji kikaitikia.

Saruji ya ukingo ilikuwa bado mbichi upande mmoja. Fundi akachora yule korongo kwa msumari. Nikamwambia awekewe taji pia, kwa ajili ya Biyonga. Akaweka. Ndiyo maana wetu ana vyote viwili, taji kichwani na jiwe mguuni. Biyonga aliporudi kutoka vitani akiwa anachechemea, kitu cha kwanza alichofanya ni kulikagua taji, kisha akanywa maji.

Fundi sasa yuko Biharamulo, anapima bomba jingine. Mimi nakwenda chuo, na mlangoni wakiniuliza jina la ukoo nitawahesabia lote, na Gaspari ndani. Nanyi mnaobaki, spana yangu iko kwenye msumari wa pili stoo. Mtu akija akauliza huyo ndege ni wa nani, msiseme "aaa." Mhesabieni kutoka kwenye jiwe la mlinzi, na mkifika kwa Konsolata, msikomee hapo.